Anza na Tairi, Rimu Baadaye

Duka la matairi nililofanyia kazi pale Ilala lilikuwa na rafu za mbele na stoo ya nyuma, na tofauti kati ya sehemu hizo mbili ilikuwa kubwa kuliko mteja alivyoweza kudhani. Mbele zilikaa namba zinazotembea: 195/65R15 za Corolla na Premio, 215/60R16 za Mark X, 225/45R17 za wale waliokwisha kubadilisha rimu. Nyuma, palipo giza na vumbi, yalikaa matairi ambayo tajiri aliyapata ndani ya kontena bila kuyaagiza. Yakikaa sana, bei ilishuka. Yakiulizwa ghafla, ilipanda. Mwenye gari la kwendea kazini alimalizana nasi pale mbele, akalipa, akaondoka. Vijana wa magari ya kushushwa walipita moja kwa moja hadi stoo.

Walichokuja kutafuta ni tairi jembamba la kuvutwa juu ya rimu pana. Ukiliona gari la namna hiyo limesimama, utaona ukingo wa rimu umetokeza nje na ubavu wa tairi umelala kuelekea ndani, kama vile raba imebana pumzi. Wajapani walianza zamani kwenye magari ya drifti na kwenye sedani zao kubwa za kifahari zilizochuchumaa hadi chini. Wajerumani nao wakaupenda mtindo huo kwenye Golf zao, na mkusanyiko wa GTI ulioanza mwaka 1982 kando ya ziwa Wörthersee nchini Austria ukawa mahali pa kuonyeshana nani amevuta zaidi. Kwetu ulikuja pamoja na magari yenyewe, na baadaye pamoja na picha za simuni.

Watu wazima pale dukani waliuona kuwa ni upuuzi mtupu. Mimi sikuwahi kuuona hivyo, na fundi wetu mkuu, mzee aliyewahi kufanya kazi General Tyre kule Arusha kabla kiwanda hakijafungwa, naye hakuudharau. Alijua kwamba chanzo chake ni cha kiufundi. Ukishusha gari, digadi linakaribia tairi. Ukiweka rimu pana, tairi linasogea nje kulifuata digadi. Kitu cha kwanza kugusana na bati ni bega la tairi, ile kona ya juu ambapo kashata inakutana na ubavu. Ukilivuta tairi, bega linarudi ndani, na gari linapita kwenye tuta bila kusaga raba. Urembo ulikuja baadaye.

Gari lililotuletea wateja wengi wa aina hii lilikuwa Altezza. Toyota iliitoa mwaka 1998, ikachukua tuzo ya gari la mwaka nchini Japani, na nje ya Japani ikauzwa kwa jina la Lexus IS200. Ile RS200 yenye gia sita za mkono ndiyo vijana waliyoililia. Ilitoka kiwandani na tairi la 215/45R17 kwenye rimu ya inchi 7 yenye ofseti ya milimita 50. Namba hizo tatu nilizijua kwa moyo kabla sijajua namba ya simu ya nyumbani, kwa sababu kila mabishano yalianzia hapo.

Mabishano yenyewe yalikwenda hivi. Kijana anafika na rimu nne alizozipata kwenye kontena la mtumba wa Japani: inchi 17, upana 9J, ofseti 25, zina mng'aro wa kuzimu, bei ya kutupa. Amekwisha kuzilipia. Sasa anataka tairi, na fedha iliyobaki ni kidogo.

"Shikamoo mzee. Nataka matairi ya bei poa, ya kuvuta."

"Marahaba, mwanangu. Ya namba gani?"

"Yoyote, mzee. Yavutike tu."

Hapo mzee alichukua chaki na kuchuchumaa sakafuni. Inchi mbili zimeongezeka kwenye upana, alisema, kwa hiyo inchi moja inakwenda nje na moja inakwenda ndani. Inchi ni milimita 25 na kitu. Ofseti nayo imeshuka kutoka 50 hadi 25, maana yake rimu nzima imesogea nje milimita 25 nyingine. Jumla, ukingo wa nje umetoka kama milimita 50. Ule wa ndani uko karibu palepale ulipokuwa. Sentimita tano, kwenye gari ambalo digadi lake halikuwa na sentimita tano za kutoa. "Sasa si wewe unayechagua tairi," mzee alimwambia. "Digadi ndilo linalokuchagulia."

Nimelikumbuka somo hilo kuliko mengine yote niliyoyapata pale, kwa sababu linapindua utaratibu wa karibu kila mtu. Watu hununua rimu kwanza kwa kuwa rimu ndiyo inayoonekana, kisha huanza kuhangaika na tairi. Kumbe rimu ya spoti ukiinunua leo utakaa nayo miaka, na tairi utalinunua tena na tena. Kinachoamua kama mtindo huu ni wa bei nafuu au wa kufilisi ni namba ya tairi utakayolazimika kuitafuta kila likiisha. Kwa hiyo uanzie rafu za mbele. Tazama namba zipi zimejaa katika maduka ya mji wako, zipi zinatengenezwa na kampuni nyingi, zipi zinapatikana hata Jumapili, ndipo uulize ni rimu ya upana gani itavutwa vizuri na namba hizo.

Chukua mfano wa hiyohiyo Altezza. Tairi la 215/45R17 linaruhusiwa kwa vipimo vya watengenezaji kukaa kwenye rimu za kuanzia inchi 7 hadi 8. Ndugu yake mfupi, 215/40R17, anafika inchi 8 na nusu. Kwa makadirio ya mafundi, kila nusu inchi unayoongeza kwenye rimu hutanua tairi kama milimita 5. Ukiliweka 215/40 kwenye rimu ya 8 na nusu, tayari ubavu umeanza kulala, macho ya mpenda magari yanaona, na bado uko ndani ya kile ambacho kiwanda kimekiwekea saini. Rimu ya 8 na nusu yenye ofseti ya 38 inatoka nje kama milimita 31 badala ya 50. Digadi la Altezza linaweza kuvumilia hilo kwa kukunjwa kidogo ule mdomo wake wa ndani. Na 215/40R17 lilikuwa rafu za mbele.

Yule wa 9J ofseti 25 hakuwa na njia hiyo. Alihitaji 205/40 au hata 195/40, na hapo ndipo biashara ya stoo ilipopata nguvu. Tajiri alizijua hizo namba kuwa adimu. Kijana aliyeokoa fedha kwenye rimu aliirudisha yote kwenye matairi, na tairi moja likipasuka baada ya miezi kadhaa, hapakuwa na la kufanana nalo. Niliwaona wanaoendesha na chapa tofauti kila kona, mbele kushoto limevutwa sana, mbele kulia limevimba, kwa sababu 205 ya kampuni moja si 205 ya kampuni nyingine. Vipimo vinaruhusu upana halisi kupishana na ule ulioandikwa, na kwenye tairi lililovutwa tofauti hiyo inaonekana hata na mtoto.

Kuna namba nyingine iliyoandikwa ubavuni ambayo vijana hawakuisoma kamwe, na mzee hakuuza tairi la kuvuta kabla ya kuigusa kwa kidole. Baada ya 215/45R17 huja namba kama 87 na herufi kama W. Herufi ni ya mwendo. Namba ni ya mzigo: 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500, 80 ni kilo 450. Ukishuka kutoka 215/45 ya kawaida hadi 205/40 ya kawaida, unaweza kutoka 87 hadi 80, yaani kila kona ya gari imepoteza karibu kilo mia. Altezza tupu ina kilo 1,300 na ushee. Weka watu wanne, tangi lililojaa, begi za kwenda Bagamoyo na spika ya besi iliyojaza buti, kisha funga breki ghafla, uzito wote ukimbilie mbele.

Dawa yake ipo: matairi yaliyoandikwa XL, yaliyoimarishwa. 205/40R17 ya XL hufika 84. Bei yake haikuwa kubwa sana kuliko ile ya kawaida, na ndiyo sababu mzee aliiita bima ya maskini. Ila XL inabeba kilo zake zote ikiwa na upepo wa kutosha. Tairi la kawaida hufikia uwezo wake kwenye upepo wa 36 hivi, la XL kwenye 42. Ukinunua XL ukalijaza 30 kwa sababu gari linadunda, umelipa fedha ya nguvu usiyoitumia.

Halafu kuna umbo. Si kila tairi la bei rahisi huvutika kwa uzuri, na si kila la bei ghali huvutika vibaya, ingawa mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Kampuni kubwa za Ulaya hupenda kuweka ule mkanda wa raba unaotokeza karibu na ukingo, wa kulinda rimu isikwaruzwe na kingo za barabara. Ni jambo jema kwa mwenye gari la kawaida. Ukilivuta tairi hilo, mkanda unatuna, ubavu unaonekana una ngazi, na mteja anarudi kulalamika kwamba umemuuzia kitu kibaya. Wanaovuta walitaka bega la mviringo na ubavu laini usio na mkanda. Ndiyo maana jina la Nankang, kampuni ya Taiwan, na hasa tairi lake la NS-2, lilijulikana na vijana ambao hawangeweza kukutajia tairi lingine lolote la Taiwan. Falken ya Japani nayo ilikuwa na heshima yake, kwa wenye uwezo. Hayo mawili niliyaona yakivutwa na kukaa. Mengi ya Kichina yalivutwa pia, mengine vizuri sana, lakini ilibidi uyatazame moja moja kwa macho yako, bega kwa bega.

Mtumba nitausema kwa ufupi. Tairi lililotumika linaweza kuwa na kashata nene na likawa limekwisha kufa. Tafuta ubavuni herufi DOT, fuata hadi tarakimu nne za mwisho: 3514 ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Raba huzeeka hata ikiwa imelala stoo, na joto la Dar haliisaidii. Ufa mwembamba unaoweza kusameheka kwenye tairi la kawaida unapanuka ukilivuta, kwa kuwa ubavu uliovutwa haupumziki. Ni kama nguo iliyokubana: mshono dhaifu ndio unaojitokeza kwanza. Kwa tairi la kuvuta, kama huwezi kununua jipya, subiri mwisho wa mwezi mwingine.

Kulipandisha tairi kwenye rimu ndiko kulikojaza watu dukani. Tairi la kawaida, ukishalipaka sabuni na kulifungulia upepo, kingo zake zinateleza na kukaa mahali pake kwa milio miwili: pa, pa. Lililovutwa halifanyi hivyo, kwa kuwa kingo ziko mbali na rimu na upepo unatoroka kabla haujajaa. Mafundi wa uchochoroni walikuwa na njia ya moto: petroli kidogo ndani ya tairi, kiberiti, mlipuko, tairi linaruka na kukaa. Vijana waliipenda, wakaipiga picha. Kwetu ilikatazwa. Mlipuko haupimiki, unaweza kuunguza raba ya ndani inayozuia upepo, unaweza kukata waya za ukingo, na aliyeinama juu yake hana pa kukimbilia. Tulitumia tangi la upepo lenye mdomo mpana, linalotoa pumzi yote kwa mkupuo mmoja, na sabuni nyingi ya mafundi. Kama kingo zilikataa kukaa kwenye upepo wa 40, mzee alizima kompresa, akatoa upepo wote, akaanza upya. Kuongeza hakukuruhusiwa. Na kama tairi lilikataa tena, alimrudishia mteja fedha yake. Tajiri alinung'unika, lakini hakuwahi kushinda mabishano hayo.

Nilichojifunza kwa masikio ni kwamba tairi linalokaa kwa shida hutoka kwa urahisi. Ndani ya rimu kuna kituta kidogo kinachozuia ukingo usiteleze kuingia shimoni. Tairi la saizi yake hukaa nyuma ya kituta hicho likiwa limejisukuma lenyewe kuelekea nje. Lililovutwa linavutwa kuelekea katikati muda wote, na kinacholizuia ni upepo tu. Mteja mmoja, kijana mpole mwenye gari safi, alipita kwa mwendo kwenye kiplefti akiwa na tairi la mbele lililopungua upepo bila yeye kujua. Ukingo uliruka kituta. Tairi lilibaki kwenye rimu likiwa tupu, na ile rimu nzuri ikalambana na lami hadi ukingoni mwa barabara. Yeye hakuumia. Alikuja na bodaboda akiwa ameishika nati moja mkononi, sijui kwa nini. Tangu siku hiyo kila aliyevuta tairi kwetu aliondoka na kipima upepo kidogo cha mfukoni, kimeingizwa kwenye risiti atake asitake.

Gharama nyingine inajificha ndani ya gurudumu, upande usioonekana. Gari likishushwa, magurudumu huinama juu kuelekea ndani, na kashata ya upande wa ndani inalika mapema. Mtu anatazama nje, anaona tairi jipya. Ukilinyanyua kwa jeki, ndani ni kipara hadi waya. Hapa ndipo tairi la bei nafuu linapojionyesha kama kweli ni nafuu. Lile ambalo ubavu wake umeandikwa upande wa nje na upande wa ndani haliwezi kugeuzwa. Likilika ndani, limekwisha. Lenye kashata ya mshale, kama hiyo NS-2, unaweza kulivua kwenye rimu, ukaligeuza, ukalihamishia upande wa pili wa gari, mshale bado unaelekea mbele, na ule upande uliokuwa mzima sasa unafanya kazi ndani. Lisilo na mshale wala maandishi ya upande ni rahisi zaidi. Nusu ya maisha ya tairi inaokolewa hivyo kwa gharama ya kufungua, kufunga na balansi. Sijui kwa nini wauzaji hawalitangazi jambo hili. Au najua.

Mengine ni madogo ila yanauma mfukoni. 205/40R17 ni fupi kuliko 215/45R17 kwa milimita karibu 30 za kipenyo, kwa hiyo gari linashuka sentimita moja na nusu zaidi ya ulizoshusha kwa springi, na matuta yetu hayana huruma na eksozi. Dashibodi ikisema 100, wewe uko kama 95, na kilomita zinahesabika haraka kuliko unavyotembea. Atakayelinunua gari hilo baadaye atadhani limechoka. Na rimu yenyewe, bila bega la tairi kuikinga, ndiyo inayopokea kila shimo. Fundi wa kunyoosha rimu alikuwa jirani yetu, na siku za mvua, mashimo yalipojaa maji yasionekane kina, alikuwa na foleni ndefu kuliko muuza chips.

Bado nikipita barabarani nikaona gari limevutwa tairi kwa adabu, 215/40 kwenye 8 na nusu, upepo umejaa, magurudumu yote manne ya chapa moja, hupunguza mwendo nilitazame vizuri. Ni kazi ya mtu aliyefanya hesabu kabla ya kutoa pochi.

Zile 9J za ofseti 25 zenye mng'aro wa kuzimu hazikukaa kwenye Altezza ile. Mwenyewe alichoka kutafuta 195/40 akaziuza. Zina nati tano kwa duara la milimita 114.3, kipimo kilekile cha Mark II, cha Verossa na cha Mark X, kwa hiyo hazikukosa mnunuzi. Ziliwahi kurudi dukani kwetu kwenye Mark II nyeupe, bado nzuri, na kovu moja jipya ukingoni. Baadaye zikaja kwenye Verossa. Mwenye Verossa alisema amezipata kwa bei ya kutupa, akauliza kama tuna tairi lolote la bei poa la kuvuta, na mzee akaanza kutafuta chaki.